Aliyefuta Pakiti ya Mtandao

Mistari myekundu ilijaa kioo kizima cha kompyuta, na Angelika akaisoma kwa kidole, neno moja moja, kama alivyosoma Biblia darasa la tano kabla hajaacha shule kwenye kambi ya wakimbizi. Saa nne kasoro robo. Saa sita kamili mchana Cikuru angempigia kutoka Columbus kusikia jibu moja tu: wazee wake waje kuposa, au wasije.

Jana jioni kompyuta ilikuwa nzima. Leo hata simu haikuwepo. Kaka yake, Liberati, aliiazima alfajiri akidai yake imeisha chaji, na kila alipoulizwa alisema ameisahau kwenye gari, na gari limechukuliwa na rafiki. Ilikuwa Jumamosi, siku ya ovataimu ghalani, lakini Liberati hakwenda kazini. Alikuwa sebuleni akipanga viti alivyoazima kanisani.

Angelika hakuhitaji kuambiwa. Tangu Pasaka Liberati alimwimbia wimbo ule ule: huyo Mkongo wa chuo kikuu, ukoo wake nani anaujua? Gaudiosi wa Louisville je, Mrundi mwenzao, waliyekulia naye kambi moja, mwenye lori lake mwenyewe? Na Angelika, ambaye hata kuomba chumvi mezani huona haya, alinyamaza. Leo alikuwa amejiapiza kwamba jibu lake ni ndiyo.

Saa nne na nusu gari lilisimama mbele ya nyumba. Akachungulia. Alishuka Shangazi Elisabeth, dada wa marehemu baba yao, aliyesafiri usiku kucha kutoka Louisville. Na aliyekuwa ameshika usukani ni Gaudiosi.

Gaudiosi alimsalimia huku akitazama viatu vyake. Shangazi alimkumbatia kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwekea bakuli la uji mbele yake.

"Kunywa, mwanangu. Leo utahitaji nguvu."

Angelika alimweleza kwamba kompyuta imekufa, na kwamba kuna mtu lazima azungumze naye saa sita.

"Iache hiyo mashine," Shangazi akasema. "Mama yako naye yuko njiani, ametoka Reynoldsburg asubuhi. Akifika tutakaa wote."

Hata mama. Mama ndiye pekee aliyekuwa upande wake. Kila Jumapili, baada ya misa, Cikuru alikula mezani kwake huko Reynoldsburg, jirani na Columbus, na mama alimwita mkwe, mwanzoni kwa utani, baadaye bila utani. Ikiwa wamemgeuza hata yeye, basi Angelika alibaki peke yake.

Aliacha uji, akarudi chumbani, akaegemeza kiti mlangoni.

Kompyuta ile ilikuwa ya Cikuru kabla hajampa. Jioni baada ya jioni alimfundisha kwa simu namna ya kuiponya ikiugua, akimtania kwa jina la injinia wa darasa la tano. "Bon, usiogope ile nyekundu," alikuwa akimwambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Soma mustari ya kwanza. Mashini haidanganye."

Mstari wa kwanza ulisema pakiti moja inategemea nyingine ambayo haipo. Cikuru alikuwa amemweleza kwamba programu huishi kama watu wa nyumba moja. Kila moja ina pakiti yake, na kila pakiti imeegemea nyingine. Ukiiondoa moja, tatu zinaanguka. Angelika akafungua kumbukumbu ambamo kompyuta huandika kila ilichotendewa. Pakiti ya mtandao ilikuwa imefutwa leo, saa kumi na moja na dakika nane alfajiri. Aliyeifuta aliingia kwa nywila sahihi. Nywila hiyo waliijua watu wawili tu: yeye, na Liberati aliyesomea kompyuta mwaka mmoja.

Akachomeka flashi ambayo Cikuru aliijaza pakiti kwa ajili ya siku mtandao utakapokataa. Akaandika amri. Ikakataa, ilitaka nyingine itangulie. Akaitafuta, akaitanguliza. Makosa kumi na moja. Saba. Mawili.

Liberati akagonga mlango. "Angelika, fungua."

"Umenifutia wewe."

Liberati akajibu polepole: "Ndiyo, ni mimi."

"Kwa hiyo mmeshanipangia."

"Nakuomba, mdogo wangu. Nusu saa tu. Iache."

Liberati hakuwahi kumwomba kitu maishani, alizoea kuamuru. Angelika alikaribia kusita. Halafu akawaza viti vile sebuleni, na Gaudiosi aliyeketi kwenye kimojawapo.

"Nimenyamaza siku zote, kaka. Leo sinyamazi."

Akabonyeza. Makosa sifuri. Akaizima, akaiwasha. Alama ya mtandao ikatokea pembeni saa sita kasoro dakika kumi, na papo hapo ujumbe ukaanza kulia, mmoja juu ya mwingine, thelathini, arobaini. Angelika akacheka peke yake, machozi yakimtoka. Mwanaume huyu hana subira hata chembe.

Akafungua ujumbe wa kwanza. Haukutoka kwa Cikuru. Ulitoka kwa dada yake, Chimène, aliyekaa naye Columbus: *Wifi, hatutamuzika Cikuru kama haujafika.*

Kiti kilianguka, mlango ukafunguka. Liberati alisimama pale, macho mekundu, mikono mitupu.

"Mama amebakiza dakika ishirini," akasema. "Tulitaka yeye ndiye akushike."