Kikombe Chenye Ufa

Muuza kahawa alipita chini ya dirisha la Mwatime akigonganisha vikombe, viwili vikilia vikali na cha tatu, chenye ufa, kikitoa mlio butu. Mtaa mzima ulimjua kwa mlio huo. Akakata kona kuelekea kwa Zawena, shoga yake Mwatime.

Simu ikaita. Ni mumewe.

"Bado niko bara, mke wangu. Huku mvua tupu."

Nyuma ya sauti yake vikombe vikalia: viwili vikali, kimoja butu.

Muuza kahawa aliporudi, Mwatime aliitoa simu nje ya dirisha, akaishikilia hapo mpaka vikombe vikapita. Kisha akaiweka sikioni.

Simuni akasikia dirisha likifungwa kwa kishindo. Kishindo hicho hicho kikasikika na kule kwa Zawena, nyuma ya kona.