Nyuma ya Bundi

Ngumi ya kwanza ilimpata mgeni mdomoni, akaangukia kigari cha bisi. Ya pili ilimfuata hukohuko chini. Watu waliopanga foleni ya bembea walidhani ni maigizo ya bustani ya michezo, wakatoa simu wapige picha, mpaka walipoliona jino kwenye lami.

"Umeitoa wapi?" Wendell alinguruma. "Sema, mbwa wewe!"

Kwenye utepe wa shingoni mwa yule mgeni ilining'inia beji moja tu: bundi aliyeshika taa ya kijani.

Wakusanyaji wa beji waliojazana kwenye mabenchi, mikoba wazi mapajani, waliitambua papo hapo. Bustani ile ya Orlando ilipofunguliwa zilitolewa beji za bundi, wote na taa nyekundu. Mmoja tu alitoka kiwandani na taa ya kijani, kwa makosa, na makosa ya namna hiyo ndiyo huwatia watu hawa wazimu. Alikuwa wa Clayton, mkusanyaji mwenzao. Siku ileile aliyompata alimgandisha kwa gundi kwenye kofia yake, na hakumbandua tena.

Sasa, mkusanyaji hachukui beji bila kutazama nyuma yake, maana feki hujificha mbele, ikaumbuka nyuma, penye muhuri wa kiwanda. Kila mtu alimsihi Clayton awaonyeshe, naye kila siku aliwacheka. "Nyuma yake mtaiona nikishakufa!"

Akafa kweli. Machi walimkuta kwenye gereji yake, kichwa kimepondwa kwa nyundo, kofia imechanwa pale alipokuwa bundi. Siku ya mazishi Wendell, rafiki yake wa kufa na kuzikana, aliapa mbele ya jeneza kwamba atakayeonekana na beji ile atamvunja mifupa. Leo alikuwa anatimiza kiapo, na pale kwenye mabenchi hakuna aliyeinuka kumzuia. Wengine, tusifichane, waliona raha.

Lorene, mjane wa Clayton, alikuwa amekaa benchi la mbele, mkoba ameukumbatia.

"Taratibu, shemeji," alisema. "Utamuua kabla hajasema."

"Nimeinunua," mgeni alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Nimeinunua kwa pesa yangu. Na ni yenyewe."

Wendell aliinyofoa beji kwenye utepe kwa nguvu, mgeni akakaribia kunyongwa. Akaipimapima kiganjani. Akaigeuza. Shingo ikamvimba.

Wendell alikuwa na ugonjwa mmoja. Mwizi angeweza kumsamehe, muuza feki hapana. Kwake feki ilikuwa tusi la mama. Mwaka uliopita alimtupa mchuuzi mmoja bwawani pamoja na meza yake.

"Feki!" alifoka. "Hebu pitisha kidole kwenye kingo, zinakata kama bati! Rangi imebonyea. Nyepesi kama kizibo cha soda! Unatuletea takataka hii, na jina la marehemu unalitumia?"

Mgeni alicheka, meno yote mekundu. "Macho yamekuishia, mzee. Nenda kavae miwani."

"Hata mimi naona ndiyo yenyewe," Lorene alisema, akijifuta machozi. "Miaka yote nimelala na kuamka na kofia ile. Clayton alikuwa akiniambia, huyu Wendell ni hodari wa mdomo tu. Mpe feki, atakushukuru."

Mtu mmoja kwenye mabenchi akaangua kicheko. Wa pili akadakia. Kicheko kile kilimwingia Wendell kuliko kisu. Alimpiga mgeni teke la mbavu, kitu kikalia kama kijiti kikavu, kisha akainua beji juu ili wote waione. Walinzi walikuwa wanakuja mbio kutoka langoni.

"Mnanicheka mimi? Mimi? Tazameni muhuri wa kiwanda, huo hapo, umekaa sawa! Wa Clayton umepigwa kichwa chini miguu juu! Kichwa chini, wajinga nyie! Sasa nani hajui beji?"

Akaibwaga chini. Kwenye mabenchi watu walikuwa wanatazamana.

Mgeni aliacha kucheka. Alijiinua kwa kiwiko, mkono mmoja mbavuni, akamgeukia mjane.

"Umesikia, dada?"

"Nimesikia." Lorene aliinama, akaiokota ile beji, akaifuta damu ya kaka yake kwa upindo wa blauzi. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Nyuma ya bundi wa Clayton uliiona lini, shemeji?"