Kiti cha Baba Kibibi

Tangu asubuhi kompyuta mpya ilikuwa ikimpeleka puta Bi Salha, naye amekalia kiti cha marehemu mumewe. Sasa ilikataa kufungua picha za zamani bila tarakimu ilizotuma kwenye namba ya marehemu, namba iliyokwishapewa mtu mwingine. Akaipiga, akaulizia zile tarakimu. Kwenye simu yake bado ilisomeka Baba Kibibi.

“Zimeingia, mama,” akajibu mwanamume asiyemjua. “Nilidhani matapeli. Kwani mwenyewe yuko wapi?”

“Hayupo, mwanangu. Nisomee tu.”

Akaziandika moja moja. Kioo kikawaka: Karibu tena, Shekuwe.

Jina hilo la mumewe, katika ndoa yao yote, hakuwahi kumwita. Akaegemea meza, akainuka, akaacha kiti wazi.