Tonge la Lilitha

Nokwakha alitia komeo, akasukumia na ndoo ya maji mlangoni. Lilitha, bintiye wa darasa la tatu, alikuwa ndio kwanza ametoka kwenye kifafa, povu bado kidevuni.

Nje wifi yake, Bukelwa, aligonga. "Wifi, fungua! Nimemletea mtoto uji."

"Unywe mwenyewe!"

"Utamfungia kama kuku anayelalia mayai? Mtoto anataka jua!"

Nokwakha alimfuta mtoto povu. Kwao Lusikisiki adui hahangaiki kukuroga kwa mbali, anakulisha tu. Na Lilitha alianza kuanguka baada ya kula kwa Bukelwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tangu hapo hakuna shule, hakuna michezo. Kila tonge Nokwakha alilipika, akalionja, akalifinyanga kwa vidole, akamlisha mwenyewe. Tumbo lilikuwa likimsokota tangu ile nyama ya nguruwe ya Krismasi, lakini mama gani ana nafasi ya kulisikiliza tumbo lake?

"Mama, nitatoka lini?"

"Ukipona."

Hakupona. Alimeza dawa za hospitali, akapata nafuu kidogo, akaanza kuanguka tena. Wakarudi kwa daktari.

Daktari Ngcwabe aliinua picha ya kichwa kwenye mwanga. "Hivi vifuko vya maji ni watoto wa mnyoo wa nguruwe. Vya zamani vimekauka kwa dawa. Hivi hapa ni vipya."

"Lakini mtoto nyama ya nguruwe haijui, daktari!"

"Vya kichwani havitoki kwenye nyama, mama. Mtu mwenye mnyoo tumboni akitoka chooni asinawe vizuri, mayai yanabaki kwenye kucha. Akishika chakula cha mtoto, ndiyo hivyo tena."

Nokwakha aliruka kitini. "Si nilisema! Bukelwa!"

"Shangazi yake alikuja mwenyewe kupimwa, na akaniomba nikuambie. Hana mnyoo."

"Mwongo huyo! Anawachezea!"

"Tulia, mama. Tangu mtoto atoke hapa, amekula kwa nani?"

"Kwa nani? Thubutu!" Nokwakha alijipiga kifua. "Hakuna aliyegusa chakula chake. Kila tonge limetoka kwenye mkono huu."

Daktari alichukua kopo la kupimia choo, akampita Lilitha, akaliweka kwenye mkono ule.