Koki ya Faki

Maji yalikuwa yameshaanza kulamba mchanga nyuma ya boti, na koki bado haijatoka. Ndiyo iliyoingiza maji ya kupoza injini. Faki, Mungu amrehemu, alikuwa akiizungusha kila Ijumaa. Mkewe, Bi Saumu, alipokuwa ndani akikaa eda hakuna aliyekumbuka, chumvi ikaishika. Maji makubwa ya bamvua la leo yakipita, boti italala nchi kavu nusu mwezi, na abiria watazoea kuvushwa na mwingine.

Fundi Mbwana alijitokeza kutoka chini ya boti, jasho jekejeke. "Bi Saumu, marehemu alikuwa akifunga koki au akifunga ndoa? Hii haitoki hata kwa talaka tatu!"

Bi Saumu alicheka, akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Hakuwa amecheka tangu msiba.

"Nipe ruhusa niikate," fundi akasema, sasa kwa upole. "Najua aliifunga kwa mkono wake."

Bi Saumu aliitazama ile koki ya shaba iliyoota kijani. "Ikate, mwanangu. Aliifunga ili boti isizame, hakuifunga ili isiende."

Msumeno ukalia. Koki mpya ikaingia, ikakazwa.

Maji yalipomfika fundi kiunoni, Bi Saumu alikuwa ndani ya boti amepiga magoti, kiganja amekibandika kwenye ubao chini ya koki.

"Vipi huko, mama?"

"Pakavu. Alhamdulillahi, pakavu."

Hakuuondoa mkono. Chini ya magoti yake boti ikatikisika kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.