Taa ya Mlangoni

Mtoto akikojoa kitandani, godoro liliwasha taa ya njano mlangoni, mtaa mzima ukajua. Taa isipokoma kuwaka, mtoto alipelekwa bweni la kuzoezwa kuamka kwa king'ora.

Tangu mama yake azikwe, taa ya Tunu haikupumzika. Ofisa alipokuja kumchukua, alikuta godoro la bibi yake, Sikudhani, nalo limelowa chapachapa.

"Nani kakojoa?"

"Mimi," alisema Bibi, akificha birika tupu nyuma ya kanga.

"Na umri huo, Bibi!"

"Msiba hauna umri, baba. Nichukue mimi."

Ofisa akatabasamu. "Wazee nao wana bweni lao."

Bibi akalianika godoro lake barabarani, upande uliolowa ukitazama watu.

"Basi kalete gari la kututosha wawili. Hatuachani."