Chozi la Arnold

Afande Wanyera aliiweka picha mezani kifudifudi, akaikandamiza kwa kiganja kana kwamba ingeweza kuinuka na kupiga kelele.

“Imetoka Mbale,” alisema. “Ni ya imbalu, siku kijana wangu Arnold alipotahiriwa. Nimesikia hapa Jinja mna kompyuta ya kufuta... ya kufuta kitu usoni mwa mtu.”

Alikuwa amemsalimu Jude, fundi wa duka lile la picha, kwa Kigisu, naye Jude akaitikia kwa Kiswahili. Makusudi kabisa! Dukani pale walimjua kwa jina la Jude tu. Jina la ukoo, Gidudu, aliliacha siku alipohamia mtaa wa Mafubira, hapo hapo Jinja. Maana Wagisu wawili wakikutana, salamu haijapoa, swali ni hilo hilo: wewe ulitahiriwa mwaka gani, uani kwa nani? Na jibu la Jude lilikuwa hospitalini. Mwaka wa themanini na sita alicheza ngoma siku tatu, akapakwa unga, na asubuhi ya kisu, saa ya kusimama wima bila kupepesa jicho mbele ya ukoo, akachomoka mbio. Alitahiriwa kitandani, kwa sindano ya ganzi. Baba yake hakumsemesha tena mpaka anaingia kaburini. Sasa ni tisini na nane, miaka kumi na miwili imepita, na bado akikumbuka uso humwaka moto.

Aliigeuza picha. Mbele alisimama kijana, ameshika fimbo nyuma ya shingo, uso umepakwa unga wa wimbi uliokorogwa. Nyuma yake walijipanga wanaume wa ukoo. Jude hakujishughulisha nao. Jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye shavu la kijana, palipokuwa na mstari unaong’aa kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni.

“Nimeshaona, afande,” alisema upesi.

“Umeona?” Mzee aliinamisha kichwa. Alikuwa pande la mtu, sajini mstaafu wa magereza, bado na koti lake la kazi. “Basi hakuna haja ya kusema.”

“Usiseme, afande.”

“Mpiga picha ameitundika dirishani kwake, kubwa namna hii, katikati ya mji. Watu niliokuwa nawalinda gerezani wanasimama pale, wanacheka mpaka wanashika mbavu! Ameahidi kuishusha Jumamosi nikimpelekea nyingine safi. Nisipompelekea, mimi mjini sikanyagi tena.”

“Na Arnold mwenyewe anasemaje?”

“Huyo? Hana akili. Ananiambia niiache ilivyo. Eti ndiyo picha anayoipenda kuliko zote.”

Lo! Kijana alie mbele ya ukoo mzima, halafu aipende picha yenyewe? Jude alimwonea wivu, kisha akajionea aibu kumwonea wivu mtoto wa miaka kumi na minane.

Aliiingiza picha kwenye kompyuta, akavuta kile kibao cheusi cha kuchorea, akashika kalamu yake isiyo na wino. Alilikuza shavu mpaka likajaa kioo kizima. Watu hudhani kufuta ni kufuta tu. Thubutu! Unga ule haukuwa mweupe hata kidogo. Ulikuwa kijivu, chini yake kahawia ya ngozi, na pembeni umanjano wa jua la Agosti. Alichota rangi hapa, akachota pale, akazichanganya kwa brashi laini, akigusa kibao kwa ncha tu ya kalamu. Mara ya kwanza shavu lilitoka nyororo kama sahani ya plastiki. Akarudia kwa brashi nyembamba, mistari midogo midogo inayofuata mviringo wa shavu, akakoleza upande wa kivuli, akarudisha na nyufa za unga uliokauka.

Umeme ukakatika, katika mji huu huu unaozalisha umeme wa nchi nzima! Uliporudi akaanza upya, wala hakunung’unika. Kila alipopitisha brashi alijiona analisafisha shavu lake mwenyewe.

Saa kumi alasiri alimwita Wanyera, aliyekuwa ameketi kwenye benchi nje tangu asubuhi, hajala kitu. Akairudisha picha nzima kiooni.

“Tazama, afande. Hata mama yake hawezi kujua. Amesimama kiume.”

Mzee aliinama kutazama. Jude aliona midomo yake inacheza, akadhani ni hasira bado, na hapo moyo ukamshinda. Maneno yakamtoka kwa Kigisu.

“Mzee, usimchukie mtoto. Mimi naitwa Gidudu, ni mtu wa Mbale, na nilikimbia kabisa. Nilitahiriwa hospitalini. Baba yangu alikufa hajanisamehe. Tafadhali, yasimkute huyu.”

Hakuna mtu Jinja nzima aliyewahi kuyasikia hayo. Alibaki ameshika kalamu, macho chini, anangoja kutukanwa.

Wanyera hakumtukana. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, na aibu ilikuwa imempanda yeye mpaka masikioni.

“Mwanangu,” alisema, “hilo ulilofuta lilikuwa jasho. Arnold hakupepesa hata kope.”

Akanyoosha kidole, akakipitisha juu ya bega la kijana mpaka safu ya nyuma, kwa mtu mmoja mkubwa mwenye koti la magereza, kinywa wazi, mashavu yamelowa chapachapa.

“Niliyelia ni mimi.”